Blenda au Prosesa: Mashine Niliyompa Salma

Hakuna mashine ya jikoni inayoweza kunishangaza mimi, Athumani fundi wa nyuma ya soko la Malindi. Nimefungua blenda nikakuta mjusi amelala juu ya mota, na yu hai. Nimekuta pete ya ndoa, ufunguo wa gari, jino la dhahabu, na mara moja kitambulisho cha mtu kimekatwa vipande saba. Darasa la nne sikulimaliza, lakini wako wenye digrii zao waliokaa kwenye benchi langu wakinisubiri nimalize chai. Kazi hii nimeifanya miaka thelathini na mmoja. Mwezi uliopita niliiacha, karakana nimemkabidhi mwenzangu Kadzo, na yeye ndiye aliyenisihi niwaandikie nyinyi mnaoanza. Alisema niandike yale yasiyokuwemo vitabuni. Nikamwambia vitabu sikuvisoma, basi yote yatakuwa hayo hayo.

Ila kuna jambo moja lazima nilikiri mwanzo, maana ndilo lililonitia kalamu mkononi. Binti yangu Salma alipoolewa Mambrui, kabla ya mwezi wa Ramadhani, ilinipasa nimchagulie mashine moja ya kwenda nayo jikoni kwake, blenda au prosesa. Mimi niliyezifungua zote mbili mpaka vidole vimeshika umbo lake, sikupata usingizi siku tisa.

Nianze nyuma kidogo. Kabla ya ufundi nilikuwa mchukuzi wa mizigo pale sokoni. Nilikuwa na nguvu, na sikujua kitu. Siku moja nilimbebea Mzee Twalib gunia la redio mbovu mpaka karakana yake, akaniuliza kama najua kushika bisibisi. Nikasema najua. Nilikuwa sijui. Akanipa blenda ya muuza juisi ya ukwaju, nami nikaanza kuifungua pale pale ili aone nilivyo hodari.

"Weka chini," akasema. "Umeisikiza?"

"Imekufa, mzee. Nitaisikizaje?"

"Haijafa. Yaguna. Aliyeileta amesema yaguna kisha yasimama. Iwashe."

Mzee Twalib alikuwa na bisibisi moja ndefu ya mpini wa mti, mpini wenyewe umekuwa mweusi kwa jasho la mikono. Ncha ya chuma aliiweka kwenye bodi ya mashine, mpini akautia sikioni, akafumba macho kama daktari. Kisha akanipa mimi. Niliyoyasikia siku ile sijayasahau. Beringi iliyokauka hulia kama mchanga kati ya meno. Kaboni za mota, vile vipande vyeusi vya kupitisha umeme, zikiisha hutatarika kama kitu kilichotiwa kwenye mafuta ya moto. Na mota iliyobebeshwa mzigo usiokuwa wake huguna kwa sauti nzito, kama mtu anayesukuma mkokoteni mlimani, na baada ya mguno huja harufu. Harufu ikija umeshachelewa.

"Mashine itakwambia yaumwa wapi," akasema mzee. "Ukiifungua kabla hujaisikiza, wewe umeiumiza mara ya pili."

Bisibisi ile aliniachia alipofariki. Nimeitumia miaka yote, na naweza kusema bila haya kwamba kutoka Ngomeni mpaka Dabaso hakuna sikio lililolishinda langu.

Sasa sikizeni habari ya hizi mashine mbili. Blenda ililetwa kwangu na wauza juisi. Ina jagi refu, jembamba chini, na kisu kidogo. Hupenda maji. Ukiipa kitu chenye maji itakizungusha mpaka kiwe laini kama hariri: maembe, mapapai, nazi iliyokatwa vipande ukitaka tui. Ukiinyima maji, vitu hushikamana pembeni, kisu kikazunguka bure, mota ikaanza kuguna. Na ukitia maji yanayochemka kwa haraka ya kupata tui, mvuke huinua kifuniko na tui likakupata usoni. Nimetengeneza blenda za watu waliokuja na malengelenge shavuni, wakasema wameungua na pasi.

Prosesa ililetwa kutoka nyumba za Wataliano. Hiyo ina bakuli pana na kisu kipana chini yake, na haitaki maji mengi. Kazi yake ni kukatakata: vitunguu, karoti, nyama, unga wa kukandwa. Juisi haijui, ukiijaza maji humwaga mezani. Kisha ina tabia moja. Kifuniko kisipozungushwa mpaka kifunge, haiwaki, hata ukiibembeleza.

Tabia hiyo ilinifedhehesha wakati mmoja. Mpishi wa nyumba moja kule Watamu, mzee wa Kigiriama mpole sana, aliniletea prosesa mara nne. Kila mara alisema imekufa. Kila mara niliifungua yote, nikaipangusa, nikaifunga, nikaiwasha mbele yake ikanguruma. Mara ya nne aliniambia mwajiri wake amesema ikirudi mbovu tena, yeye na mashine waondoke pamoja. Nikapanda naye mpaka huko. Akaweka bakuli, akaweka kifuniko juu yake kama unavyofunika sufuria, akabonyeza. Kimya. Nikaushika mkono wake, nikauzungusha na kifuniko mpaka kikasema *ta*. Mashine ikawaka. Yule mzee alikaa kitako sakafuni.

Nilikuwa nimeifungua mashine ile mara nne na sikumwuliza hata mara moja huifunga vipi. Kisa hiki niliwasimulia watu miaka mingi ili wamcheke mpishi. Kadzo peke yake ndiye ambaye hakucheka.

Kadzo alikuja miaka tisa iliyopita kutoka pande za Marafa, ameshika pasi iliyokufa. Alisimama akinitazama nikiifungua, kisha akaniambia ningeifungua kwa upande wa pili ningemaliza zamani. Alikuwa amesema kweli, nami nikaudhika, nikamwambia akae aifungue yeye. Hajaondoka mpaka leo. Mambo mengine tuliyaweka pamoja. Mimi niliandika ukutani kwa rangi nyekundu, NDUGU NA RAFIKI BEI NI MOJA, kwa sababu karakana nyingi zimekufa kwa kutengenezea mashemeji. Yeye akaongeza daftari la kuandika mteja hupikia nini mashine yake. Nikamwuliza sisi ni mafundi au ni mama lishe. Daftari hilo sikuligusa.

Jingine ambalo sikupenda kulitaja ni mkono. Mwaka jana mkono wangu wa kulia ulianza kutetema. Si sana, kama uzi wa mota ukipitiwa na umeme mdogo. Nikaanza kumwachia Kadzo skrubu ndogo ndogo, nikisema namfunza. Amekuwa fundi mwaka wa nane, namfunza skrubu. Nyumbani niliwaambia nataka kupumzika, na nyumba zangu tatu za kupangisha zinanitosha. Mashine zilizolala kwangu usiku zote zilikuwa za wateja, mke wangu hajapata yake hata moja, na yeye ndiye aliyenitazama mkono nilipokuwa namimina chai. Tangu siku ile hunimiminia yeye, tena kikombe nusu.

Basi harusi ikaja. Kwetu vyombo vya bibi harusi hupelekwa kwa mumewe na wanawake wa nyumbani, hadharani, na kila kitu hutazamwa: sufuria, vikombe, mito. Watu wote walijua mimi ni nani. Wangetazama mashine kabla ya kitanda. Nilipokwenda dukani, nilisimama kati ya maboksi mawili mpaka mwuzaji akaniletea kiti. Siku ya pili nilirudi, nikasimama tena. Nilijiuliza, nikimpa blenda watasema fundi mzima ametoa kitu cha muuza juisi. Nikimpa prosesa, ikiharibika vipuri vyake ni shida, na Salma atakaa na sanduku bovu mbele ya wakwe. Kila mashine niliiona katika ugonjwa wake. Ndivyo nilivyozijua. Mashine nzima haiji kwa fundi.

Nikamweleza Kadzo, kana kwamba ni maongezi tu.

"Salma atapika nini huko?" akauliza.

"Atapika chakula."

"Chakula gani, mwalimu? Huko Mambrui aendako, hupikwa nini zaidi? Mama mkwe wake umemwuliza?"

"Nimwulize mkwe wangu anapika nini? Ataniona mlafi."

"Basi nimwulize mimi."

"Wewe kaza hiyo skrubu."

Nikanunua blenda, kwa sababu kaboni zake, fyuzi zake na ule mpira wa kushikanisha jagi na mota nilikuwa navyo droo nzima. Nilifikiri kama fundi. Siku ya kupeleka vyombo, shangazi wote wamesimama mlangoni na vitu vichwani, nikaomba nafasi niseme neno. Hakuna aliyenituma. Nikasema mashine hii haishindwi na kitu, na ikishindwa, maadamu mimi ni hai, nitaifufua kwa mikono yangu hii na mwanangu hatagharimika hata senti. Vigelegele vikapigwa. Salma alikuwa ndani na ushungi usoni, akasikia kila neno.

Toka siku ile sikuwa na raha. Nikisikia motokari kubwa inaguna barabarani, husimama nikaisikiza kwanza. Mfungo ulipoanza nikajua kwamba mwari hupika futari, na wageni huja kuonja mkono wake. Nilimwuliza mke wangu kama Salma amepiga simu. Akasema amepiga, yu mzima. Nikauliza amesema nini kuhusu mashine. Akasema, "Wewe waozesha mtoto au waozesha blenda?"

Siku ya nne ya mfungo, baada ya alasiri, simu yangu ikalia. Alikuwa Salma, anasema kwa sauti ya chini.

"Shikamoo, Baba. Nauliza tu. Mota ikilia hivi ni nini?"

Kabla sijaitikia akaisogeza simu karibu na mashine, nami nikasikia. Ule mguno mzito. Hata bila ya bisibisi, nikiwa mbali vile, niliujua.

"Zima. Zima sasa hivi. Umetia nini humo?"

"Kunde."

"Za nini?"

"Za bajia. Nimeziroweka, nimezimenya."

"Na maji?"

"Nikitia maji bajia zatawanyika mafutani, Baba. Zanywa mafuta, zalegea. Nisipotia, yaguna." Nikasikia swichi ikibonyezwa bure. "Sasa haiwaki. Ina harufu."

"Mwambie mama mkwe wako."

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi? Amekukaripia?"

"Siwezi, Baba." Mlango ulilia nyuma yake, na simu ikakatika.

Nyinyi mlio na mabinti mtaelewa. Nilimwona mwanangu amesimama katika jiko la watu, wageni wanakuja, jua linashuka, na kosa ni langu. Kunde za bajia ni kazi ya kukatwa bila maji. Ni kazi ya prosesa. Mtu yeyote anayekula bajia angejua, na mimi bajia nimezila maisha yangu yote. Nilikwenda karakana mbio na viatu vya msikitini. Kadzo alikuwa na prosesa yake mwenyewe aliyoinunua bovu akaitengeneza. Niliposema kunde za bajia tu, akaelewa. Aliitia kwenye gunia, akanipandisha tuktuk.

"Kifuniko," akasema. "Wakumbushe kifuniko."

Katika ukoo wetu baba wa bibi harusi haendi kwa wakwe mpaka aalikwe, na jikoni ndiyo usiseme. Tulipokuwa juu ya daraja la Sabaki nikalifikiria hilo, mkono ukaanza kutetema mpaka gunia likatikisika. Niliukalia mkono.

Nilipokewa na Swaleh, mumewe Salma, aliyeshangaa lakini ana adabu. Nikamwambia nimepita tu. Nimepita, na gunia. Akaipeleka mashine ndani, mimi nikakaa barazani, nikatega sikio ukutani. Nilingoja ile sauti ya kisu kipana. Kimya. Nikahesabu pumzi zangu. Kimya. Nikajua ni kifuniko. Hatimaye nikashindwa, nikasema na ukuta wa watu, "Kizungusheni. Mpaka kiseme *ta*."

Aliyetoka ni Bi Rukia, mama mkwe mwenyewe, ameshika sinia la bajia zilizokwisha kukaangwa. Zilikuwa nene, kavu, rangi ya dhahabu.

"Karibu, mkwe. Mbona umekuja na kiwanda?"

"Bi Rukia, shikamoo. Nimesikia kuna tatizo la kunde."

"Marahaba. Kunde zishasagwa. Ile mashine ya mkono ya kusagia nyama, ya chuma, ya kubana mezani, ndiyo isagayo kunde nyumba hii tangu mamangu yu hai. Mwanao nalimwonyesha siku ya kwanza."

"Sasa kwa nini asiitumie?"

Aliweka sinia chini. "Asema babake amesema mashine yake haishindwi na kitu, tena mbele za watu. Siku tatu amesaga kijiko kijiko. Asaga, aipumzisha, asaga tena, vidole vyamtoka jasho na saumu. Leo imekufa, naye ameifunika kanga aketi mbele yake. Mimi nalidhani aniogopa mimi. Kumbe aogopa utaaibika wewe."

Nikakunja mikono ya shati.

"Niletee hiyo blenda," nikasema. "Naimaliza hapa hapa."

Salma akaileta mwenyewe, macho chini. Bisibisi ndogo ninayo mfukoni siku zote. Skrubu ya kwanza ilitoka. Ya pili ikanitoroka, ikaanguka, ikavingirika chini ya kiti. Nikaishika ya tatu, bisibisi ikateleza, ikateleza tena, ikapiga plastiki *tiki tiki tiki*, na wote wawili wakasikia. Bi Rukia akageuka akapanga bajia zilizokwisha kupangwa. Salma aliinama akaiokota ile skrubu, akaiweka kwenye kiganja changu cha kushoto, akakifunga.

"Baba," akasema polepole, "mpelekee Kadzo."

"Wewe unajua?"

"Tangu kabla ya posa. Nani alikuwa akikushikia kurunzi usiku ukifungua mashine nyumbani?"

Nikauliza swali ambalo nilipaswa kuuliza kabla ya harusi. "Bi Rukia, nyumba hii hasa mwahitaji mashine gani?"

"Ungeniuliza zamani ningekwambia. Kunde zina mashine yake, vitunguu twakata kwa kisu. Linalotushinda ni nazi. Mgongo wangu haukai tena juu ya mbuzi ya kukunia. Hiyo blenda ikipona, irudi itoe tui. Na hicho kiwanda rudi nacho."

Nilifuturu kwao. Bajia zilikuwa nzuri, mmoja wa wageni alimsifu mwari, na Salma akasema mbele ya wote kwamba kunde zimesagwa na mama mkwe wake. Nilimwona Bi Rukia akicheka kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo mkiulizwa blenda au prosesa, msijibu. Ulizeni kunapikwa nini, kwa maji au bila maji, na ni nani atakayekifunga kifuniko. Kadzo alikuwa nalo daftari la hayo.

Asubuhi yake nilimpelekea mashine zote mbili. Aliifungua blenda kwa dakika chache, akabadilisha alichobadilisha, akaiwasha. Kisha akachukua ile bisibisi ya Mzee Twalib, niliyomwachia ukutani, akaiweka ncha kwenye bodi na mpini sikioni, akafumba macho.

"Itakuwa ya kazi gani sasa?" akauliza, daftari liko wazi.

"Tui," nikasema. "Maji ya vuguvugu, yasichemke. Na kunde marufuku."

Akaandika. "Kaboni mbili, fyuzi ya joto, na ufundi. Mia saba na hamsini."

Nikacheka, nikanyanyua jagi niondoke. Akanielekeza ukutani kwa bisibisi. Maandishi ni yangu mwenyewe, rangi nyekundu, wala hayajafifia.

Nikaweka jagi chini, nikatoa pochi kwa mkono wa kushoto, nikamlipa shilingi mia saba na hamsini.